Baba wa Vifaranga

Mwanahawa hakuwahi kufuga hata njiwa tangu ahamie mjini. Sasa tetea wake wa kwanza alikuwa ameangua uani, naye furaha haikumwisha. Hata kabla vifaranga hawajakauka vizuri, mwenye nyumba wake, Mzee Shomvi, akaja na tenga.

"Nimefuata vifaranga wangu. Mtaa huu jogoo ni mmoja tu, naye ni wa kwangu."

Wapangaji waliokuwa wakifua wakatega masikio. Mwanahawa akainamisha macho. "Una hakika ni yeye, mzee? Tusije tukamsingizia."

"Nimsingizie jogoo wangu? Baba yao ni yeye, hata mahakamani nitasema."

"Ahsante kwa kukiri mbele ya watu," Mwanahawa akasema taratibu. "Nilikuwa naona aibu kukufuata. Basi naomba matunzo: pumba za mama yao tangu alipoanza kuatamia, chanjo ya kideri, na chakula cha watoto. Wakishakua, baba atakuja kuwachukua."

Wapangaji waliangua kicheko. Mzee Shomvi akalikwapua tenga lake.

"Mtaa huu una majogoo wengi, binti," akasema akiondoka. "Wangu hata kuruka ukuta hajui."