Jogoo Mmoja, Jina Moja

Sogeeni, na mwenye hasira zake aje nazo, maana hadithi hii haimpoozi mtu.

Katika hospitali moja ya wilaya, ambayo siitaji jina kwa sababu bado nina watoto wa kusomesha, walikuwapo watu watatu wenye vipaji. Tumpe, mkunga, akiweka kiganja juu ya tumbo la mama alijua mtoto amelalaje. Eliabi wa usingizi aliwalaza wagonjwa na kuwaamsha salama hata umeme ukiyumba. Daktari Mbonea alipasua kwa mkono usiotetemeka. Hospitali ilikuwa na mmoja mmoja tu wa kila aina. Msiniulize kwa nini, waulizeni wanaoajiri.

Juu yao alikuwapo mganga mfawidhi, Dokta Nangale. Kipaji chake yeye kilikuwa uvumilivu, na siku hizo kilikuwa kinamwishia.

Sikilizeni kilichomkera. Chumba cha upasuaji kilipozinduliwa, viti vya mgeni rasmi vilirundikwa kwenye mlango wa dharura, vimngoje mgeni rasmi mwingine. Vikaliwe na ndugu wa wagonjwa? Thubutu! Wakaguzi walipokuja wakakuta mlango umezibwa, wakafunga chumba chote na kubandika karatasi: MARUFUKU KUINGIA. Haki walikuwa nayo, tusiwaonee. Lakini viti vilitolewa kabla gari lao halijafika lami. Nangale akapiga simu: "Njooni mfungue, tumeshaviondoa." Akajibiwa: "Suala lako liko kwenye mchakato." Kesho yake, mchakato. Wiki iliyofuata, gari halina mafuta. Ama kweli, mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Ndipo akaletwa Sikudhani, mimba yake ya kwanza, amepoteza fahamu kwa kifafa cha mimba. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mtu mwingine mkoani, nusu siku ya barabara mbovu. Tumpe akaingia ofisini kwa Nangale bila hodi.

"Dokta, huyu hafiki popote. Tufungue?"

Nangale, simu sikioni, akainua kidole. "Subiri kwanza. Ndio naongea na wakaguzi."

Tumpe hakusubiri. Aliibandua ile karatasi na kuusukuma mlango, huku akijua fika kwamba mlango uliofungwa na serikali haufunguliwi na mkunga. "Kama ni jela," alisema, "huko nako wanawake wanazaa."

Eliabi alimlaza Sikudhani usingizi. Leseni yake ilikuwa imeisha muda. Maombi ya mpya alishayatuma mapema, mtandao ukamzungusha weee mpaka akachoka. Bila leseni hakutakiwa kushika hata bomba la sindano. "Mtandao na ungoje," alisema. "Huyu hangoji."

Daktari Mbonea alipasua. Ridhaa hakuwa nayo. Mgonjwa hajitambui, mume yuko machimboni na simu haipatikani, na mama mkwe, Bibi Mwantumu, alikuwa amekingama mlangoni akipiga mayowe: "Asipasuliwe mke wa mwanangu mpaka mwenyewe aje aseme!" Kanuni ya hospitali ilikataza kisu kugusa ngozi bila sahihi. "Bibi, kesho nishtaki," alisema Mbonea. "Leo nipishe."

Nangale alikuwa bado anaambiwa asubiri kwenye simu aliposikia mtoto analia. Wa kike, mzima, na mama yake mzima. Akaiweka simu, akacheka peke yake, kisha akaingiwa na hofu.

Habari haikai. Waliokosa mafuta ya kuja kufungua mlango waliyapata ya kuja kukamata watu, na asubuhi walikuwa ofisini. Mkuu wao, Bi Konsolata, hakuwa mtu mbaya.

"Mfawidhi, sheria tatu zimevunjwa chini ya paa moja," alisema. "Wakubwa wanataka jina moja, la mhusika mkuu. Huyo anafukuzwa, na chumba nakifungua leo hii. Usiponipa jina, kinabaki kimefungwa."

"Andika langu."

"Lako la nini? Wewe uliomba ruhusa kwa simu, hukugusa kitu. Hapa ni wewe tu uliyefuata utaratibu."

Nangale hajapata kutukanwa vile maishani mwake.

Akawaza. Bila aliyefungua mlango, wengine wangebaki koridoni. Bila usingizi, hakuna kupasua. Bila kisu, mlango na usingizi ni kazi bure. Akimtoa yeyote, hata Tumpe ambaye ndiye pekee wa kumpokea mtoto, chumba kitakuwa wazi na upasuaji hakuna; asipomtoa mtu, hakuna chumba. Na wodini alikuwapo mama mwingine wa kupasuliwa, uchungu umeshamwanza.

"Hizi ni akili au matope?" akafoka. "Mnataka nikate kidole kipi ili mkono uendelee kufanya kazi?"

Bi Konsolata akainamisha macho. "Sikuipanga mimi, dokta. Nipe jina."

"Hodi humu!"

Alikuwa Bibi Mwantumu, jogoo kwapani. "Wanangu, jana niliwapigia kelele, mnisamehe, nilichanganyikiwa. Nimeleta kitoweo cha aliyemwokoa mkwe wangu na mjukuu wangu. Jogoo ni huyu mmoja, sina mwingine, kwa hiyo nataka apewe mwenyewe hasa." Akamtazama Nangale. "Niambie, baba, ni nani?"

Bi Konsolata naye akamtazama, kalamu juu ya karatasi. Wanawake wawili, swali moja.

Haya, nyinyi mliokaa hapo mkitikisa vichwa. Anayestahili jogoo ndiye huyohuyo anayestahili kufukuzwa? Au yupo wa kushukuriwa na yupo wa kutupwa, na wewe unaweza kuwatenganisha? Fanya upesi, maana yule mama wodini ameanza kuita. Wewe ungekuwa Nangale, ungemtaja nani?