Kwa Nini Mjusi Hupiga Pushapu Juani

Wekeni hayo mawe chini, wajukuu zangu. Huyo mjusi wa kichwa chekundu hapigi pushapu ili mumcheke. Kaeni niwaeleze, na babu yenu asikilize pia, ingawa tangu arudi kutoka hospitali na ule mguu uliopooza, anajifanya hata masikio yamepooza. Daktari alimwambia afanye mazoezi kila siku. Yeye anakaa tu kwenye kiti.

Zamani sana, milima yetu hii ilipokuwa bado haijapewa majina, mjusi hakuwa na habari na jua. Alikuwa na rangi ya vumbi kuanzia puani mpaka mkiani, na alishinda kivulini ndani ya ufa wa mwamba, akitoka tu kumbikumbi wanaporuka. Siku moja aliwarukia kwa pupa, akateleza, akaanguka kutoka juu ya mwamba. Hakufa, lakini upande mmoja wa mwili ukafa ganzi. Mkewe akamkokota hadi ndani.

Majirani wakaja kumpa pole. Konokono alikuja, kobe alikuja, kila mmoja na kitu cha kutafuna, na kila mmoja akasema yale yale: “Lala, usijisumbue.” Na mkewe, masikini, alivyompenda! Alimtafunia sisimizi akamtilia mdomoni, akamgeuza, akamfunika majani. Mjusi akanenepa, akakakamaa kama kuni, akakata tamaa kabisa.

Mvua zilipoanza, siafu wakapita. Mnawajua siafu, hawaulizi nani mgonjwa. Mke akamvuta mumewe kwa mkia, hakusogea. Akamvuta tena huku analia. Bahati yao siafu wakafuata njia nyingine, lakini mama yule alibaki akitazama walikopita. Alijua watarudi. Akaona pia kwamba yeye mwenyewe, kwa huruma zake, ndiye aliyemfunga mumewe kitandani.

Kesho yake asubuhi alimwekea chakula nje, juu ya mwamba, penye jua.

“Chakula kile pale,” alisema. “Mimi sikileti.”

Mjusi alitukana matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele yenu. Njaa ilipomzidi akajiburuta kwa tumbo, akafika juani, akasukuma kwa miguu ya mbele. Kifua kikainuka kidogo, kikaanguka. Mkewe alikuwa amesimama ng'ambo, machozi yakimlengalenga, akaitikia kwa kichwa: naam, hivyo hivyo. Mjusi akasukuma tena. Ikawa hivyo kila asubuhi, jua kwanza, kisha kusukuma, ndipo chakula. Kichwa chake kikaiva kikawa chekundu. Wengine husema ni lile jua. Mimi nasema ni hasira.

Siafu wakarudi kweli. Safari hii mke alimwita mara moja tu, akatangulia kupanda. Hakumshika. Alikwenda akisikiliza kucha za mumewe nyuma yake, zinakwaruza jiwe, zinasimama, zinakwaruza tena, mpaka wote wawili wakafika juu. Kule chini siafu waliingia kwenye ufa, wakaukuta mtupu.

Na tangu siku hiyo mjusi haianzi siku bila kuota jua na kujiinua, hata akiwa mzima wa afya. Akimwona mwenzake juu ya ukuta mwingine, humwitikia kwa kichwa: bado nipo, mke wangu, bado nipo.

Haya, hadithi yangu imeishia hapo. Nawe mzee wangu, Baba Nakunde, chai yako nimeiweka pale uani, juu ya kigoda, penye jua. Mimi siileti. Nuna tu, nimekuzoea, na bado nakutaka hapa nyumbani miaka mingi. Nyie watoto, msimshike! Mpeni fimbo yake, kisha mwacheni.

Naam, baba. Naam. Hivyo hivyo.