Mlango wa Tanuri

Pupa ni ugonjwa ambao hakuna hospitali inayoulaza. Mwenye nao hutembea barabarani, hucheka na watu, hula akashiba, na wala hapati wa kumhurumia mpaka siku utakapomtia hasarani. Wahenga waliijua tabia hiyo, wakasema kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu. Maana yake ni kwamba anayelikurupukia jambo kabla ya wakati wake huliharibu kwa mkono wake mwenyewe, na utamu aliokuwa akiukimbilia humpita. Wengi wetu huitumia methali hii kuwatishia watoto wasidokoe nyama jikoni. Kuna mtu mzima mmoja aliyefundishwa maana yake na keki.

Mtu huyo alikuwa fundi cherehani. Tangu utotoni alibandikwa jina la Chapuchapu, na hakuna aliyewahi kuona sababu ya kulibandua. Nguo alizoshona zilimaliza juma moja kisha zikaanza kuachia mishono. Chai aliinywa ikichemka, akaungua ulimi, halafu akailaumu chai. Hata mtu akimsimulia kichekesho, yeye alicheka kabla hakijafika mwisho, kisha akauliza kilihusu nini.

Mama yake alikuwa mbali naye kama mashariki na magharibi. Ujana wake wote aliutumia akioka katika duka la mikate, na alipostaafu akawa anawafundisha majirani kuoka majumbani mwao. Mama na binti waliishi peke yao katika nyumba ya vyumba viwili na jiko. Chumba cha mama kilipakana na jiko, na mlango wa katikati haukufungwa kamwe, kwa kuwa mama alipenda kujua kinachopikwa hata akiwa amejilaza.

Nyumba hiyo ilikuwa na desturi yake. Maneno mazito hayakusemwa mezani wala njiani, yalisemwa mkate ukiwa ndani ya tanuri. Mama alishikilia kwamba huo ndio muda pekee ambao mpishi hana kazi ila kukaa na kungoja, na neno zito linahitaji mtu aliyekaa. Ndivyo Chapuchapu alivyoambiwa kuwa bibi yake amefariki. Ndivyo alivyoambiwa pia kwamba hakutakuwa na ada ya kumwezesha kuendelea na masomo. Aliyasikia yote hayo huku harufu ya mkate ikijaa nyumbani, na mkate ulipotoka waliula pamoja.

Neno moja tu halikuwahi kumalizwa, nalo ni habari za baba yake. Chapuchapu alijua kwamba baba alikuwepo, kisha hakuwepo. Mara nyingi alipouliza, mama aliwasha tanuri, akakanda unga, akautia ndani, akaketi na kuanza kusimulia kutoka mbali, kama ilivyokuwa kawaida yake. Lakini Chapuchapu alimkatiza kila mara kabla mkate haujabadilika rangi.

"Fika mwisho, Mama. Yu hai au amekufa?"

Hapo mama aliinuka na kuanza kufuta meza iliyokuwa safi tayari.

Miaka ikapita hivyo, mpaka mama alipoanza kuugua tumbo. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Mwishowe muuguzi mmoja mpole alimvuta Chapuchapu pembeni akamwambia amrudishe mama nyumbani na ampe chochote atakachotamani. Chapuchapu hakuwa mtoto, alielewa. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alihamia pale ili kusaidia kumgeuza mgonjwa na kufua mashuka. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Mgonjwa hakutamani kitu. Uji aliukataa, supu aliigeuzia uso. Kisha asubuhi moja aliomba ainuliwe na kuegemezwa kwenye mito.

"Natamani keki ya mayai," alisema. "Ile ya kawaida, isiyo na mbwembwe."

"Nakwenda kukununulia sasa hivi," Chapuchapu alisema, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa.

"Ya dukani siitaki. Oka wewe, mimi nitakuelekeza nikiwa hapahapa. Ukishaitia ndani, njoo ukae kwenye kiti hiki. Nitakupa habari za baba yako, na safari hii nitazimaliza."

Chapuchapu alitamani mama ale walau kipande kimoja, na alitamani kuijua habari ile kuliko alivyowahi kutamani jambo lolote. Alijua pia kwamba muda uliobaki ulikuwa mfupi. Alijifunga kanga akaingia jikoni mbiombio.

"Kwanza yatoe mayai kwenye friji," sauti ya mama ilimfuata. "Yaache mezani mpaka ukiyashika usisikie baridi. Yai la baridi halikubali kujaa hewa, na keki hii haiinuliwi na kitu kingine ila hewa hiyo."

"Ngojangoja huumiza matumbo, Mama."

"Langu ndilo linaloumia, na bado nangoja."

Mama mdogo alicheka, kisha akaona haya kwa kucheka. Mama aliendelea kuelekeza, akipumzika kila baada ya sentensi. Tanuri liwashwe kabla ya kuvunja yai la kwanza, kwa sababu tanuri huingoja keki, keki haingoji tanuri. Mayai na sukari vipigwe mpaka viwe vyeupe na vizito. Unga uchungwe mara mbili, na usikorogwe, ila uchanganywe kwa mwiko polepole, ukitoa chini na kuleta juu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

"Ukishafunga mlango wa tanuri, usiufungue mpaka harufu inifikie hapa kitandani. Pua yangu ndiyo saa yako."

Chapuchapu alisema ndiyo kwa kila neno. Mayai aliyavunja yakiwa bado na umande wa friji. Unga aliuchunga mara moja, akaukoroga kwa nguvu mpaka mkono ukamuuma, akidhani bidii ndiyo maarifa. Alimimina, akafunga, akaja kuketi ukingoni mwa kiti.

"Baba yako alikuwa mteja wetu," mama alianza. "Alikuja jioni, watu wakiwa wameshachagua mikate mizuri. Yeye aliomba ulioungua ukingoni. Nikamwambia huo si wa kuuzwa. Akasema basi ataungoja kesho yake."

Chapuchapu alisikia, lakini nusu ya masikio yake ilikuwa jikoni. Je, imeumuka? Je, imeganda? Alisimama.

"Endelea, Mama, nakusikia," alisema akiwa mlangoni.

Akaenda kuchungulia. Aliufungua mlango wa tanuri kidogo tu, na mbele ya macho yake keki iliyokuwa imeanza kuinuka ilishuka katikati, ikabaki na shimo. Aliufunga haraka, jambo ambalo halikusaidia kitu.

"Umefungua," mama alisema Chapuchapu aliporudi.

"Kidogo tu."

"Baridi haijui kidogo."

Keki ilipotoka ilikuwa ngumu na nzito. Mama aliomba kipande hivyohivyo. Alikitafuna muda mrefu huku Chapuchapu akimtazama mdomoni, kisha akakitoa taratibu kwa kitambaa na kusema kwamba hakuwa na njaa sana. Chapuchapu aliuliza habari za baba.

"Nimechoka sasa, mwanangu. Tutaoka nyingine."

Zilipita siku kadhaa kabla mgonjwa hajapata tena nguvu ya kuegemezwa. Katika siku hizo alipungua mno, sauti yake ikawa ya kutegewa sikio. Chapuchapu alipiga moyo konde. Safari hii aliyaacha mayai yakae, alipasha tanuri mapema, aliuchunga unga mara mbili na kuuchanganya kwa upole. Aliifungia keki ndani, akaja kuketi vizuri kwa kuegemea kiti. Mama mdogo alikuwa uani akianika mashuka, kwa hiyo chumbani walikuwa wawili tu.

Mama alianza tena palepale kwenye mkate ulioungua. Alisimulia jinsi yule mteja alivyozoea kukaa kwenye ngazi za duka mpaka kazi iishe, na jinsi walivyopanga chumba. Maneno yalitoka moja moja. Kisha alisema, "Ulipokuwa tumboni, siku moja alikuja na sanduku," akanyamaza na kufumba macho.

"Akaondoka? Alikwenda wapi? Mama, yu hai?"

"Niache nifike," mama alinong'ona bila kufumbua macho.

Chapuchapu alikaa. Alingoja kwa kadiri ya uwezo wake, na uwezo wenyewe haukuwa mkubwa. Kifua cha mama kilipanda na kushuka taratibu, midomo ikiwa imefungwa. Chapuchapu alidhani amesinzia. Akawaza kwamba akiuongeza moto, keki itaiva mapema, mama ataamka aikute, atakula, atapata nguvu, na habari itaisha leo hii. Lilikuwa wazo la mapenzi, hilo tusimnyime. Alivua viatu ili asimwamshe, akanyata hadi jikoni na kuzungusha kitufe cha moto mpaka mwisho. Akasimama pale akilitazama tanuri.

Harufu ya kuungua ilipoanza, aliitoa keki mbio mbio. Juu ilikuwa nyeusi. Mama alikuwa akimwambia kila mara kwamba keki ya moto iachwe ipoe ndani ya chombo chake, lakini yeye aliipindua hapohapo ili aone hasara ni kiasi gani. Ikavunjika, na katikati ukatiririka uji mbichi wa mayai mezani.

Akiwa na kitambaa mkononi, alisikia sauti chumbani. Alidhani mama mdogo amerudi. Aliufikia mlango, akamkuta mama peke yake, macho bado yamefumbwa, uso ameuelekeza kwenye kile kiti kitupu.

"... basi, ndiyo habari yake yote," mama alikuwa akisema. "Sasa umeijua. Usimchukie."

Mama hakuwa amesinzia. Alikuwa akikusanya pumzi, na alipoipata alisimulia mpaka mwisho, akiamini kwamba mwanawe ameketi na kusikiliza kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Alijitupa kitini, akaushika mkono wa mama. Mama alifumbua macho na kumwona. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo.

"Hukunikatiza," alisema. "Ahsante, mwanangu."

Chapuchapu alitaka kusema "rudia, Mama", akajizuia. Angewezaje kumtwisha tena mzigo huo mtu ambaye ndiyo kwanza ameutua? Alijiambia atangoja aamke, ampe maji, kisha amwambie ukweli na kumwomba msamaha. Ajabu ni kwamba safari hii alingoja kweli. Aling'ang'ania kiti kile mpaka kiza kikaingia, na mama mdogo alipomsihi akale, alikataa. Mama aliamka, lakini sauti ilikuwa imekwisha. Aliwatazama tu, na baada ya siku chache akaacha kutazama.

Watu walikuja, wakazika, wakatoa pole, wakarudi kwenye shughuli zao. Nyumba ikabaki na mashuka yaliyokunjwa na dawa ambazo hazikumalizwa. Chapuchapu aliyapanga mambo madogomadogo kwa muda mrefu kabla ya kuthubutu kuuliza.

"Mama mdogo, wewe unazijua habari za baba yangu?"

Mama mdogo aliweka chini bakuli alilokuwa akiliosha.

"Nilimuuliza zaidi ya mara moja. Kila mara alinijibu kwamba habari hiyo ni ya mtoto, si yangu. Si alikwambia lakini? Siku ile nilipotoka uani aliniambia kwa ishara kwamba amekwisha kukwambia. Alikuwa na furaha."

Chapuchapu alitaka kumdanganya mama mdogo, akashindwa. Alilia kwa sauti, na mama mdogo alipoelewa kilichotokea, alirudi kuosha bakuli.

Siku iliyofuata Chapuchapu aliwasha tanuri. Hakuna aliyemwomba, wala hapakuwa na mgonjwa wa kuwahiwa. Mayai yalikuwa yamelala mezani. Aliyapiga mpaka yakawa meupe, akauchunga unga mara mbili, akauchanganya kwa kutoa chini na kuleta juu, akafunga mlango. Kisha aliingia chumba cha mama, akaketi, mikono mapajani. Hakuchungulia, kwani hakuwa na lolote la kukimbilia. Harufu ilitoka jikoni taratibu, ikapita mlangoni, ikafika kwenye kitanda kilichokuwa kimeshatandikwa. Hapo ndipo aliposimama.

Aliiacha keki ipoe ndani ya chombo chake. Alipoipindua ilitoka nzima, imeinuka sawasawa, laini, ya rangi ya dhahabu. Mama mdogo alionja, akafumba macho.

"Hii ni yake hasa," alisema. "Angekuwepo, angekula akaomba nyingine."

Chapuchapu alikata kipande chake, akaingia nacho chumba cha mama, akakitia kinywani. Alikitafuna na kukitafuna, lakini koo lilikataa kupokea, na ikambidi akitoe kwa kitambaa. Alikuwa ameishika keki ambayo mama hakuionja, mbele ya kiti kilichosikia habari ambayo yeye hataisikia mpaka aingie kaburini. Kweli, mwenye pupa hadiriki kula tamu.