Sekela wa Mkono Mwepesi

Tulieni, watoto wa Uloma. Na wewe unayetafuna bisi huko nyuma, meza kwanza, maana huyu ninayemtaja sasa hatajwi mbele ya midomo iliyojaa.

Zamani zile za mababu, uwanda wetu ulipokuwa haujui uzio wala barabara, na ukungu ukitua majanini hauondoki mpaka jua lichoke kuusukuma, walikuwako farasi wetu wafupi, wenye manyoya mazito na singa za kufunika macho, ambao wahenga waliwaleta kutoka kaskazini wakiwa nao bega kwa bega. Katika siku hizo alizaliwa Sekela binti Mwasumbi, mjukuu wa Ngwale aliyefungua njia ya mlimani, Sekela wa Mkono Mwepesi, Mama wa Mwendo, ambaye bila yeye leo tusingekuwa kabila, tungekuwa mabaki ya watu fulani tu.

Kabla yake tulipanda vibaya, jamani, vibaya mno! Mtu alimvuta farasi lijamu mpaka kinywa kikatoka damu, akampiga visigino mbavuni, kisha akashangaa mnyama anakwenda matiti, ule mwendo wa kurukaruka, wa kumtikisa maini. Sekela, akiwa bado msichana, alikuwa akishinda malishoni kuwatazama wana-farasi wakicheza, akaona wengine, wakiwa huru, wanakimbia miguu ikishuka mmoja baada ya mwingine, mgongo umetulia, kichwa kiko juu, nao wanakwenda kasi ajabu. Akasema mbele ya wazee, "Mwendo mzuri farasi anazaliwa nao. Sisi ndio tunaomnyang'anya."

Wa kwanza kumfundisha alikuwa mdogo wake, Kalonda, aliyempenda kuliko watu wote. Alimkalisha juu ya jike jekundu aliyeitwa Shangwe, akamnyoosha mgongo, akamlegeza mapaja, akamwekea hatamu vidoleni. "Shika kifaranga," akamwambia. "Ukikaza, umekiua. Ukilegeza, kimekukimbia." Kalonda alishika hivyo, na Shangwe akateleza chini yake kana kwamba uwanda wote umepigwa pasi. Dada mtu akampa bakuli la maziwa alibebe huku anakwenda, nalo halikumwagika, nao wakacheka mpaka wakakaribia kuanguka. Ndiyo maana mwendo ule tunauita mwendo wa bakuli. Mimi nikiwaona vijana wa leo wanavyong'ang'ania hatamu kama wanavuta ndoo kisimani, moyo unaniuma, nasema kweli.

Kisha ikaja kohozi, maradhi ya farasi. Msafiri mmoja alirudi kutoka bondeni na farasi anayetokwa na makamasi, na kabla masika hayajaisha malisho yalijaa mizoga, tai wameshiba hata kuruka hawawezi. Walipobaki farasi wachache, Sekela alisimama kwenye kivuko cha Mto Luseni, akatamka maneno ambayo hadi leo hakuna aliyethubutu kuyageuza: "Farasi atakayevuka maji haya kwenda bondeni, hatarudi. Tandiko lake halitarudi, wala hatamu yake. Awe wa mkubwa, awe wa mnyonge, awe wangu mimi."

Lo! Sheria ile ilianza na nani? Kalonda alikuwa bondeni kutafuta chumvi, hana habari. Akafika kivukoni na Shangwe, jike anang'aa kwa afya. Akalia toka ng'ambo, "Dada, mtazame, hana hata chafya!"

"Namwona, mdogo wangu," Sekela akajibu. "Havuki."

Kalonda alimvua Shangwe kila kitu, akavuka kwa miguu, chumvi kichwani, naye Shangwe akabaki ng'ambo akilia, mpaka mtu wa bondeni alipokuja kumchukua. Tangu siku hiyo Kalonda hakumsemesha dada yake. Wakikutana njiani alitazama majani. Hakupanda tena farasi, na kila aliposikia kwato za mwendo wa bakuli zikipita nje, alitoka kwa mlango wa nyuma.

Miaka ikapita hivyo. Farasi wakaongezeka tena. Ndipo Mtemi Igonza wa bondeni, kwa ugomvi wa malisho, akakusanya mikuki mingi kuliko watu wetu wote, wazee na watoto wachanga wakiwamo. Desturi ya zamani ilitoa njia moja tu ya amani: maziwa yaliyokamuliwa uwandani asubuhi, bakuli limejaa hadi ukingoni, yamfikie mtemi kabla jua halijazama, bila tone kumwagika. Kwa miguu unalala njiani. Kwa matiti au kwa shoti unafika na bakuli tupu. Watu wote wakamgeukia Sekela na farasi wake wa kijivu, Ukungu, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kuvuka Luseni kulimaanisha nini.

Kalonda naye alijua. Moyoni mwake, aibu ilioje, kulikuwa na sauti inayosema: haya, sasa na yeye aonje. Lakini ng'ombe aliyenona kuliko wote alikuwa wake, kwa hiyo alimkamua mwenyewe, akainua bakuli kwa mikono miwili, akampa dada yake juu ya farasi. Vidole vyao viligusana, basi.

Naye akaenda, Mama wa Mwendo. Mteremkoni alikaa wima, akamwachia Ukungu hatamu ndefu ayasome mawe mwenyewe. Mtoni hakumwelekeza, alimsubiri apapase kwa kwato. Alipofika tambarare alizama kidogo tu kwenye tandiko, na farasi akaelewa, akaufungua ule mwendo kutoka adhuhuri hadi jioni. Mtemi Igonza alipitisha kidole nje ya ukingo wa bakuli, kikatoka kikavu. Akanywa, akawaambia watu wake, "Waliotunza hili njia nzima watatunza na mpaka. Rudisheni mikuki."

Kesho yake uwanda mzima ulikuwa kivukoni, vigelegele vimetanda, Sekela akatokea ng'ambo juu ya Ukungu. Wazee wakapaza sauti, "Vuka naye! Sheria uliitunga wewe, ifungue wewe!" Na katikati ya makelele ikasikika sauti ambayo haikumwita Sekela tangu siku ya Shangwe.

"Dada!" Kalonda alikuwa amesimama ndani ya maji, analia waziwazi. "Vuka naye! Mimi nimekusamehe, vuka naye!"

"Shangwe nilimzuia kwa macho haya haya, Kalonda," Sekela akasema. "Ukungu akivuka, basi wewe nilikuonea."

"Mwache, uje peke yako!"

"Wewe uliweza. Nilikuona ulivyorudi peke yako na chumvi kichwani, na kila siku tangu hapo nimekuona. Mimi siwezi kumwacha, mdogo wangu."

Akakusanya hatamu vidoleni, akainua mkono ule mwepesi, akamwambia, "Shika kifaranga." Akageuza. Ukungu akaondoka kwa mwendo wa bakuli, na Kalonda akatazama mgongo wa dada yake, umetulia, hautikisiki, mpaka majani marefu ya bondeni yakamfunika. Hakuonekana tena uwandani.

Kalonda alitoka majini, akaomba farasi, farasi yeyote. Alichonga bakuli jipya la mti, na uzee wake wote aliwafundisha watoto wa wengine. Ndiyo maana mtoto wa Kiloma haitwi mpanda farasi mpaka avuke uwanda na maziwa mkononi, na hadi leo hakuna ukwato uliorudi kutoka ng'ambo ya Luseni.

Watu wengine wakiagana husema kwaheri. Sisi hatusemi hivyo. Mama akimsindikiza bintiye anayeolewa mbali, ndugu wakitengana njia panda, mgonjwa akiwatazama wanawe mara ya mwisho, tunasema maneno yale ya kivukoni, na anayeambiwa hufumba vidole taratibu, bila kukaza, bila kulegeza.

Haya, inukeni, baridi inaingia. Shikeni kifaranga.