Nyanjige, Mtwanga Mwamba

Sogeeni, watu wa Nyamtondo, wa Mwasenga, wa Isolelo na wa Kabuye, niwarudishe katika siku zile ambazo mgongo wa mlima wetu Lwamabe haukuwa na bati hata moja, wala bodaboda, wala mama wa kukaanga chipsi, siku ambazo waliotuzaa walilala chini ya nyasi wakaamka na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Siku hizo alizaliwa Nyanjige binti Lukelesha, mjukuu wa Shigela mfua majembe, kitukuu cha Ng'wandu aliyekuja kutoka kusini akiswaga ng'ombe mmoja kipofu, na kumuuliza kila aliyekutana naye njiani kwa nini nchi hii ina mawe mengi kiasi hiki. Hakuna aliyemjibu, akahamia hapahapa ili aendelee kuuliza. Udadisi katika ukoo ule ulikuwa ni damu, na damu nzito kuliko maji.

Kazi ya wanawake ilikuwa kutwanga mawe yaliyotolewa chini mpaka yawe unga, na Nyanjige alitwanga kwa mchi wa chuma uliowashinda wanaume wawili kuunyanyua. Kabla jua halijapanda utosini alikuwa amemaliza mawe ya watu sita. Lakini nguvu si ajabu, nguvu hata punda anazo. Ajabu ni kwamba kila jiwe aliligonga kwanza kwa kidole, akaliweka sikioni, akataka kujua kwa nini jiwe la Isolelo hulia kama chungu chenye ufa na la Kabuye hulia kama kengele. Watu wakamwita Muuliza Mawe, wala hawakuwa wanamsifu.

Nne zilikuwa kambi, hazikuwa bado miji, kila moja upande wake wa mlima na duara lake, ndivyo tuitavyo shimo la dhahabu, na kila moja ikiionea nyingine kijicho. Mambo mawili tu waliafikiana. La kwanza, mwanamke haingii duarani, maana akitia mguu dhahabu huhama, na wachimbaji wote hawana budi kutoka mpaka kafara ifanywe, siku saba kamili. La pili, dhahabu ikiwa tayari kupatikana hubisha hodi yenyewe ndani ya mwamba, na anayeisikia haulizi neno, huchimba kuifuata. Msicheke. Na nyinyi mnayo yenu ya kuchekesha, ila watakaoyacheka bado wako njiani.

Basi ikaja masika ya mvua nyingi, na duara la zamani lililokuwa katikati ya mlima likaporomoka na watu kumi na mmoja ndani yake, akiwamo Luhende, mdogo wake Nyanjige, mtoto wa kiume pekee wa mama yao. Watu walichimba mdomoni mwa duara kutwa nzima, udongo ukawa unarudi kila wanapoutoa, na jioni wazee wakatamka kwamba waliokwenda wamekwenda. Matanga yakaanuliwa kabla hayajatandikwa sawasawa, kwa sababu asubuhi ya siku ya pili, katika maduara yote manne kwa mara moja, dhahabu ilibisha hodi.

Lo, furaha iliyokuwapo siku ile! Waliolia jana walikuwa wanaimba leo, na nyundo za kambi nne ziliushukia mlima kutoka pande nne, kila kambi ikikimbilia kuwahi.

Nyanjige alikuwa amekaa chini, nywele hazijachanwa, akimlilia nduguye, naye akaisikia hodi ile ikipanda katika nyonga zake. Akafuta machozi. Uchungu ulikuwapo bado, lakini kando yake lilikuwa limeketi swali, na mtu wa ukoo ule akijiwa na swali hula nalo na hulala nalo. Akasikiliza mpaka adhuhuri. Akaona hodi ile ikienda kasi, kisha inapungua, kisha inatulia, kisha inaanza tena taratibu. Dhahabu gani hii inayochoka, akajiuliza, ikapumzika kama mtu aliyepalilia shamba? Akauchukua mchi wake, akagonga ardhi mara tano. Kimya kidogo, zikarudi tano. Akagonga saba. Zikarudi saba, ya mwisho dhaifu.

Hapo furaha na hofu zilimjia pamoja, kwani sikio lake lilisikia pia jambo jingine: kila nyundo za kambi zilipovuma, kokoto zilikuwa zinamwagika mahali fulani chini, na hodi ilirudi pungufu. Waliokuwa wakiifuata dhahabu walikuwa wanawaangushia paa watu wao.

Alikwenda kwa Gamalwa, mkuu wa duara la Nyamtondo.

"Mwanangu," Gamalwa alimwambia, "dhahabu ikibisha haiulizwi."

"Baba, nimeigongea saba imejibu saba. Nani aliyeifundisha dhahabu kuhesabu?"

Mzee yule aliutazama mchi, akaitazama miguu yake, na hatimaye akasema kweli, maana hakuwa mtu mbaya. "Nikisimama mimi, Kabuye hawatasimama. Na kama ni dhahabu, je?"

Nyanjige hakumuuliza tena, na wanaoujua ukoo wake wanasema ndiyo mara pekee. Akajifunga kibwebwe, akampita Gamalwa, akashuka duarani.

Wanaume walitoka mle kama siafu waliomwagiwa majivu, wakilaani, na nyundo zikabaki chini zilikoanguka. Kutoka Nyamtondo akaenda Mwasenga, akashuka. Akaenda Isolelo, akashuka. Kabuye walikwisha pata habari, wakasimama mdomoni na magongo, naye akawapokonya moja baada ya jingine, polepole, kama mama anavyomnyang'anya mtoto kisu, akayapanga pembeni, akashuka. Jua halijazama, mlima mzima ulikuwa umenyamaza kwa mara ya kwanza tangu Ng'wandu afike.

Kambi zote nne zikamfuata mgongoni mwa mlima kumwadhibu. Aliwangoja wamkaribie, akagonga mwamba mara tisa, nao wakasimama pale walipo. Kutoka chini ya nyayo zao zikaja tisa. Mabushi wa Kabuye, mtu mwenye kifua kipana, alilaza sikio juu ya mwamba.

"Ni watu," akasema. "Ni watu, nasi tulikuwa tunawaponda."

Hakuna aliyetaja kafara. Watu waliochukiana kwa miaka wakapanga mstari mmoja, mawe yakipita mkono kwa mkono, bila nyundo, kwa tindo na kwa kucha, Nyanjige mbele akionyesha njia kwa sikio. Siku ya nne wakatoboa. Na palepale gogo lililoshikilia mwamba likapasuka, naye akaingiza bega lake mahali pa gogo, akausimamisha mlima, na watu kumi na mmoja wakapita chini ya kwapa lake mmoja mmoja, wakitambaa. Wa mwisho alikuwa Luhende, aliyevunjika mguu.

Hata wakati ule hakuacha tabia yake. "Mdogo wangu," alimuuliza, mishipa imemtoka shingoni, "kule ndani mlikuwa mnasikia nini?"

"Dada," Luhende alisema, "tulisikia mnaimba."

Alimsukuma kwa mguu mpaka kwenye mikono ya watu, na mwamba ukashuka.

Walimchimba siku sita. Walilipata lile gogo, wakaupata mchi umesimama wima, ila yeye hawakumpata, wala kibwebwe, wala unywele. Wako wanaosema mwamba ulimfungulia njia, akaingia zaidi kwenda kuyauliza mawe ya chini kabisa. Mimi sijui, na ningependa sana kujua.

Siku ya saba wazee walisema inatosha, kazi irudi. Ndipo Luhende akasimama akiegemea fimbo, mbele ya kambi zote nne, akasema: "Sisi mlisema tumekufa baada ya siku moja, na kesho yake tukawabishia hodi. Huyu mtamhesabia siku ngapi?"

Wazee wakainama, wakaweka viganja ardhini, wakasikiliza.

Ndiyo maana leo mwanamke ndiye anayetangulia kushuka katika kila duara jipya, na ndiyo maana kila alasiri, katika miji yetu minne, makarasha ya kusaga mawe huzimwa yote, na pampu, na redio za vibandani, na mwendesha bodaboda husimama alipo na abiria wake mgeni anayenung'unika. Mwanamke mmoja hugonga mwamba mara tisa. Tunainama na kuweka viganja ardhini, wachimbaji na wauza mitumba pamoja, tukingoja zirudi tisa. Kisha tunawasha mashine, na kesho tunangoja tena, kwa kuwa idadi ya siku za kumngoja Nyanjige hakuna bado aliyethubutu kuitaja.