Kichwa cha Chuma Kilichopakwa Rangi

Wapendwa, leo tusiende mbali. Twende tu hapo barabara kuu, ile ya njia nne, yenye vyuma virefu katikati vinavyotenganisha magari yanayokwenda na yanayorudi. Mnavipita kila siku. Lakini nani kati yenu amewahi kutazama mwanzo wake, pale vyuma vinapoanzia?

Pale mwanzoni pamefungwa kichwa. Ni kama kisanduku cha chuma chenye mistari ya njano na nyeusi, na kazi yake ni kugongwa. Gari likipoteza njia na kukivaa uso kwa uso, kichwa kile kinarudi nyuma, kinakikunja chuma kilicho nyuma yake na kukitoa pembeni, na kadiri kinavyokikunja ndivyo kinavyoinyonya kasi ya gari, kidogo kidogo, mpaka gari linasimama. Kisipokuwepo, ncha ya chuma inaingia garini kama kijiti cha mshikaki kwenye nyama. Na kikishagongwa mara moja, basi. Lazima kifungwe kingine.

Sasa, alikuwapo msimamizi mmoja wa matengenezo ya barabara kama hiyo. Asubuhi moja dereva wa pikapu iliyojaa kabeji alisinzia, akakivaa kichwa cha pale mteremkoni. Kabeji zikatapakaa barabara nzima, na watu wakaanza kuziokota kabla hata ya kumtazama dereva. Msicheke, wengine hapa mngeinama. Dereva akatoka kwa miguu yake mwenyewe, kiatu kimoja hana, akauliza, "Gari langu liko wapi?" Gari lilikuwa mbele yake, limebaki nusu. Yeye mzima.

Msimamizi alifurahi kweli kwa kupona kwa mtu yule. Kisha akakitazama kichwa: kimebondeka, na chuma nyuma yake kimejikunja kama utepe. Akaagiza kingine makao makuu. Kabla hakijaja, ikaja habari kwamba mgeni mkubwa atapita Jumamosi. Mnajua kwetu mgeni akija inakuwaje. Mawe yanapakwa chokaa, miti inapakwa chokaa, ukisimama sana na wewe utapakwa.

Msimamizi akawaambia mafundi wake wakinyooshe kwa nyundo, wakichomelee, wakipake rangi.

Fundi mmoja akauliza, "Bosi, hiki si kimeshakufa?"

"Ni cha siku moja tu," akajibu. "Na nani atagonga palepale tena?"

Msidhani hakujua. Alijua kuliko wote.

Mgeni akapita, akasifu. Jumatatu msimamizi akaenda kwa mkuu wake kudai kichwa kipya. Mkuu akamshangaa. "Kipya cha nini? Juzi nimepita pale na mgeni, kile chako kinang'aa kuliko vyote. Vipya vitakwenda kwenye shida."

Angeweza kusema, "Mzee, ile ni rangi tu." Akaaga, akatoka.

Akafika nyumbani na hofu, maana mkewe hupita njia ile kila alfajiri, amepanda gari la mizigo, akipeleka mayai sokoni. Akamkuta uani anayafuta na kuyapanga kwenye trei.

"Mama Sekela, kesho usipite barabara kuu. Zunguka na njia ya zamani."

"Kuna nini?"

Akamweleza yote, kuanzia kabeji mpaka kwa mkuu wake. Mama yule alisikiliza huku akiendelea kufuta mayai.

"Kwa hiyo ulijua kimeshaumia."

"Nilijua."

"Ukakipaka rangi."

"Mgeni alikuwa anakuja, mke wangu. Ningefanyaje?"

Mama akaliweka yai chini. "Baba Sekela, mwaka jana matanga ya mama yangu tuliyaanua Alhamisi. Jumamosi ukaleta hapa wageni wa posa ya mdogo wako. Ukaninunulia kitenge, nikavaa, nikapika, nikacheka nao. Kila mtu akasema nimependeza. Na wewe ukaona nimependeza, ukaniachia mama yako mgonjwa na nyumba nzima, ukarudi barabarani. Tangu siku ile hujaniuliza kitu." Akaisukuma trei kando. "Naogopa, mume wangu. Sina tena cha kukunja. Kitakachonigonga sasa kitapita moja kwa moja mpaka kwa watoto."

Je, mwanamume yule alisema nini? Alitaka kujitetea, akaacha. Aibu ilimshika, na uchungu pia, kwa sababu alimpenda mke wake. Akavuta kigoda, akakaa karibu naye, akauliza swali lililochelewa mwaka mzima: "Mama alifarikije? Niambie." Mama Sekela akasimulia, akalia, akasimulia tena. Siku hiyo mayai mengine hayakufutwa.

Kesho yake watu waliopita mteremkoni waliona kioja. Msimamizi mwenyewe amepanga mapipa na koni mbele ya kile kichwa ili magari yapunguze mwendo, ameshika kwanguo, anaibandua rangi peupe, mbele ya kila mtu. Wenye magari wanampigia honi, "Mzee, mbona unaharibu?" Yeye anakwangua. Akampigia simu mkuu wake: "Njoo uone nilichokuficha." Aliitwa kujieleza, ndiyo. Lakini kichwa kipya kilifungwa wiki ileile.

Sasa tuache barabara, turudi kwetu sisi. Nyumbani kwako ni nani anayetangulia kugongwa? Msiba ukija unaanzia kwake, mlevi akirudi anaanzia kwake, ada ikikosekana wanamtazama yeye. Nasi tunafanyaje? Tunamsifu. Tunasema, "Yule mama ni jasiri." "Yule kaka ni mwamba, hatikisiki." Wapendwa, sifa hizo ndizo rangi yetu. Tunampaka ili tusilazimike kumtazama, kisha tunamrudisha palepale mteremkoni. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa wenye kuficha ni sisi, na atakayeumbuka ni yeye.

Leo mkifika nyumbani, msimsifu mtu huyo. Vuta kigoda, muulize, kisha unyamaze mpaka amalize.

Na wewe uliyekaa hapo, umependeza, umetabasamu tangu wimbo wa kwanza, nami najua uliyopitia wiki hii. Tukitoka nje, mtu akikushika mkono na kukuuliza, "Hujambo?", leo usiharakishe kujibu, "Sijambo."