Alhamisi za Msagaji

Msagaji na Msusi walikuwa wameoana kwa miaka kumi na mmoja, na pale mtaani ndoa yao ilitajwa kuwa mfano. Mume alisaga nafaka katika kibanda cha mabati kando ya soko. Jioni alirudi na nyusi nyeupe pepe kwa unga, na mabinti zake mapacha wakampokea kwa kicheko, wakimwamkia kwa utani, "Shikamoo babu!" Mke alisuka nywele katika chumba cha mbele, chumba chenye viti vitatu na kioo kimoja. Siku ya harusi yao mchungaji aliwaambia kwamba nyumba ya wawili wasiomkaribisha Mungu awe wa tatu ni kama meza ya miguu miwili. Neno hilo walilishika. Kila jioni, kabla ya chakula, walipiga magoti mkekani. Mke aliomba kwa sauti yake ndogo, na mume akafunga kwa "Amina" nzito iliyotikisa vifuniko vya sufuria.

Kisha Amina ile ikakoma.

"Ombeni tu na watoto," Msagaji alisema jioni moja, akifungua kamba za viatu. "Mimi nimeshaomba kazini."

Ikawa hivyo jioni ya pili, na ya tatu, hata mwezi ukapita. Msusi akaanza kula chakula bila kukionja. Mtu anayekwepa kupiga magoti mbele ya mkewe, aliwaza, lazima ana jambo ambalo hataki Mungu alitaje. Macho yake yakafunguka kwa mengine. Simu ya mume ilipolia, alitoka nayo mbio hadi nyuma ya tangi la maji. Kwenye kwaya ya kanisa alikuwa ameihama safu ya besi, akasimama pembeni kabisa karibu na ukuta. Hata kitandani alibadilisha upande bila kueleza sababu. Tena kila Alhamisi alifunga mashine adhuhuri, na jioni alipoulizwa kazi ilikuwaje, alijibu, "Kama kawaida."

Mwanamke mwenye busara angeuliza. Msusi aliona aibu. Angeanzaje kukiri kwamba mke wa ndoa ya mfano ana wivu? Badala yake alipekua mifuko. Katika suruali ya Alhamisi alikuta kipande cha pamba chenye harufu ya mafuta, na karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri wa kike: "Saa saba. Usichelewe tena." Alivirudisha kama vilivyokuwa.

Aliyemalizia kazi alikuwa mteja wake mmoja, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa sababu hakuzimika. Siku hiyo alikuwa kitini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama msitu.

"Mama Pacha, mwenzangu, mimi si mtu wa maneno," Redio alisema.

"Najua," alijibu Msusi, naye hakujua lolote la namna hiyo.

"Alhamisi nilipita ile nyumba yenye geti la manjano, nyuma ya posta. Dirisha lilikuwa wazi. Nikamwona Baba Pacha amekaa, na msichana mmoja wa viatu vyeupe amemwinamia hivi, mdomo uko sikioni! Tena amelishika hilo sikio kama lake!"

Kitana kilimponyoka Msusi. Alikiokota, akaendelea kusuka, lakini mstari ule ulipinda, na Redio akasema anaumizwa.

Kesho yake jioni Msusi alimkuta mumewe uani, amempa mgongo, ananawa unga mikononi. Mapacha walikuwa ndani wakifanya kazi ya shule. Alisimama nyuma yake, akasema kwa sauti iliyokauka, "Baba Pacha, kama umenichoka, niambie. Nichukue wanangu niende kwa mama."

Msagaji aliendelea kunawa. Alisugua kiwiko, akamwaga maji, akajipangusa taratibu, kisha akapita kando yake akiingia ndani. "Ah, kumbe uko hapa," alisema, akatabasamu.

Tabasamu lile lilimchoma kuliko kofi. Msusi alitoa begi juu ya kabati, akapanga sare za watoto na nguo zake, akalisukuma chini ya kitanda. Msagaji aliliona asubuhi alipotafuta kiatu. Alivaa, akaenda kazini. Naye siku hizo alikuwa na shaka zake: kila aliporudi alimkuta mkewe na Redio, midomo ikienda kasi, na alipotokea mlangoni midomo ilifumbwa. Wananicheka, aliwaza. Amekwisha kujua, na sasa anaondoka. Basi watu wawili wakaishi chini ya paa moja, kila mmoja akimchunguza mwenzake kama askari wa mpakani.

Alhamisi iliyofuata Msusi alifunga mlango wa kazi, akamfuata mumewe kwa mbali. Redio, ambaye hakualikwa, alikuwa nyuma yake. Wakafika geti la manjano, wakapita ukumbi mwembamba wenye benchi na harufu ya dawa. Msusi hakusoma kibao chochote. Alikuwa ameyapanga matusi yake tangu alfajiri, yeye ambaye hakuwahi kumtukana mtu. Akausukuma mlango kwa kishindo.

"Leo nimekukamata!"

Msagaji hakugeuka. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, ameukabili ukuta, amevaa vifaa vikubwa vyeusi masikioni, na mkono ameuinua kidogo kama mwanafunzi asiye na uhakika wa jibu. Msichana wa viatu vyeupe, muuguzi, alikuwa akibonyeza kitufe mezani. Alibonyeza, akangoja. Mkono wa Msagaji haukupanda. Akabonyeza tena. Haukupanda.

"Wewe ndiye mkewe?" muuguzi aliuliza kwa upole. "Mara nne nimemwambia aje nawe. Anasema uko safarini."

Redio alijikohoza. "Mimi nilisema tu nilichokiona," alinong'ona, akatafuta mlango.

Muuguzi alimgusa Msagaji begani, akamvua vile vifaa. Alipogeuka na kumwona mkewe, uso ulimwanguka kama wa mtoto aliyefumaniwa. Muuguzi alieleza kwamba sikio la kushoto limekwisha, na la kulia limebaki nusu. Kelele za mashine zimeyala kwa miaka mingi. "Angekuja mwaka jana nikampa vizibo vya masikio," alisema, "tungeokoa mengi."

Walipobaki wawili, Msusi aliketi kwenye kigoda cha pili, akamkabili. "Kwa nini hukuniambia?"

Msagaji aliitazama midomo yake kwanza, ndipo akajibu. "Ulipokuwa unaomba nilikuwa naona midomo tu. Nitasemaje Amina kwa maneno ambayo sikuyasikia? Niliona namdanganya Mungu, na wewe pia. Nikaona heri nikae pembeni. Hata kitandani nilihama ili sikio lenye nafuu liwe upande wako."

Msusi alilia. Kisha akafanya jambo gumu zaidi, maana angeweza kunyamaza na asijulikane. "Nimepekua mifuko yako," alisema kwa sauti kubwa, neno moja moja. "Nilidhani una mwanamke. Jioni ile uani, ukinawa, nilikwambia nitaondoka na watoto. Ulipotabasamu, nikafunga begi."

"Uliniambia hivyo? Nikiwa nimekupa mgongo?"

"Ukiwa umenipa mgongo."

Jambo hilo lilimuuma Msagaji, na liliendelea kumuuma siku nyingi. Si kweli kwamba walitoka pale wakicheka. Walikwenda pamoja kwa mchungaji, mara ya kwanza wakagombana mbele yake, mara ya tatu wakasameheana. Walikubaliana mbele za Mungu kwamba kuanzia hapo kila mmoja atayasema yanayomtia aibu yakiwa bado madogo, tena wakitazamana usoni.

Sikio la kushoto halikurudi. Msagaji sasa anavaa vizibo kazini, na jioni wanaomba wamekabiliana, Msusi akipaza sauti hata jirani wa tatu anajua nani kakoroma na nani kachoma ugali. "Bwana, umsamehe mume wangu kwa kununa jana!" Jirani husikia, hucheka, na wengine wamejifunza kuomba hivyo hivyo majumbani mwao.

Siku zile zote mume alificha ugonjwa na mke akaficha wivu, na nyumba yao haikuzaa ila shaka. Siku walipofunuliana ndipo amani ilipozaliwa. Hakika, mficha uchi hazai.